Kamera zilizotumika: Fedha nyingi ziende kwenye lenzi, si kwenye bodi

WAPIGA picha wa ridhaa wanaotaka kununua kamera yao ya kwanza wana nafasi nzuri sokoni ambayo haikuwepo miaka 15 iliyopita. Kamera kubwa za kioo, zile ambazo zamani zilionekana shingoni mwa waandishi wa habari na wapiga picha za harusi tu, sasa zinapatikana kama bidhaa zilizotumika kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuifikia akijibana kwa miezi michache.

Lakini nafasi hiyo ina mitego yake. Wanunuzi wengi huingia dukani wakitazama kitu kimoja tu, yaani kamera yenyewe, ambayo katika biashara hii huitwa bodi. Huuliza ina megapikseli ngapi, hulipa fedha zote walizonazo, na hurudi nyumbani na lenzi ile ndogo iliyofungwa kiwandani pamoja na bodi. Baada ya mwezi mmoja hugundua kwamba picha zao za ndani ya ukumbi hazizidi sana zile za simu ya mkononi, na fedha ya kurekebisha kosa hilo imekwisha.

Ushauri wa ukurasa huu wiki hii ni mfupi: bodi ni kitu cha kupita, lenzi ni kitu cha kukaa nacho. Anayegawa fedha zake kwa kufuata kanuni hiyo atapata picha bora kwa gharama ndogo, na siku akitaka kuuza hatapata hasara kubwa.

KWA NINI BEI ZIMESHUKA

Sababu ya kwanza ni simu. Kwa mujibu wa takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani kote. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya milioni 8. Kamera ndogo za mfukoni ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa kazi yao ilichukuliwa na simu.

Sababu ya pili ni mabadiliko ndani ya viwanda vyenyewe. Kamera ya kioo ina kioo kidogo ndani kinachopeleka taswira kwenye dirisha la kutazamia, na kioo hicho huruka juu kila picha inapopigwa. Kamera mpya hazina kioo. Mpigaji hutazama taswira kwenye skrini ndogo ya kielektroniki. Sony ilianza kuuza kamera zake za A7 zisizo na kioo mwaka 2013, na mwaka 2018 Canon na Nikon nazo zikaingia kwa nguvu. Mwaka 2020 kamera zisizo na kioo ziliipita idadi ya zile za kioo kwa mara ya kwanza katika takwimu za CIPA. Tangu mwaka huo Canon na Nikon hazijatoa kamera mpya hata moja ya kioo.

Matokeo yake yanajulikana kwa kila mfanyabiashara. Wapiga picha wa kulipwa wa Ulaya, Marekani na Japani wanapobadili vifaa, vile vya zamani hutafuta wateja wengine. Kamera hizo hazijaharibika wala picha zake hazijawa mbaya. Bodi ya megapikseli 24 iliyotengenezwa mwaka 2014 bado inatoa picha ya kuchapwa kwenye ukurasa mzima wa gazeti bila aibu. Kilichoshuka ni thamani yake sokoni, si uwezo wake wa kazi.

LENZI NDIYO INAYOTENGENEZA PICHA

Ili kuona kwa nini lenzi ipewe kipaumbele, tuchukue mfano unaowakuta wapenzi wengi wa picha. Ukishajulikana katika ukoo kwamba una kamera, haipiti muda mrefu kabla shangazi hajakuomba uje kupiga picha kwenye send-off ya binti yake. Ukumbi una taa hafifu za rangi, watu wanacheza, na tukio lenyewe halitarudiwa.

Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na bodi huandikwa 18-55mm f/3.5-5.6. Namba ya mwisho inaeleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ukivuta lenzi hiyo hadi 55mm, tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni fupi, nyepesi na haivuti, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi.

Katika ukumbi huo, kama lenzi ya kwanza inalazimisha kamera ifunguke kwa sekunde 1/15, ile ya pili inaruhusu sekunde 1/125 au zaidi kidogo. Kwa sekunde 1/15 bibi harusi anayecheza atatoka kama kivuli chenye mikono minne. Kwa sekunde 1/125 atatoka akiwa yeye mwenyewe, na machozi ya mama yake yataonekana. Hakuna megapikseli zinazoweza kuleta tofauti hiyo.

Kuna faida nyingine ya kiuchumi. Bodi hupitwa na wakati kila kiwanda kinapotoa toleo jipya, lakini lenzi nzuri hubaki nzuri. Canon ilianzisha mfumo wa lenzi zake za EF mwaka 1987, na lenzi za EF za miaka hiyo bado zinaingia na kufanya kazi kwenye kamera zake zote za EOS za kioo. Ndiyo maana anayenunua lenzi iliyotumika na kuitunza mara nyingi huiuza baadaye kwa bei isiyo mbali na ile aliyonunulia, wakati mwenye bodi mpya huanza kupata hasara siku anayofungua boksi.

LENZI IPI KWANZA

Kwa mwenye kamera ya kawaida ya kihisi kidogo, na kamera nyingi za bei nafuu ziko kundi hilo, lenzi mbili zinafaa kufikiriwa kabla ya nyingine zote.

Ya kwanza ni 35mm f/1.8. Kwenye Nikon zenye kihisi kidogo, lenzi hii huona eneo karibu sawa na lile ambalo lenzi ya 52mm huona kwenye kamera ya kihisi kikubwa, yaani karibu na jinsi jicho la mtu linavyozoea kutazama. Inafaa ndani ya nyumba, mtaani, sokoni na kwa picha za watu wawili watatu. Nikon ilitoa ya aina hiyo, AF-S DX 35mm f/1.8G, mwaka 2009.

Ya pili ni 50mm f/1.8. Kwenye kihisi kidogo huwa kama 75mm kwa Nikon na 80mm kwa Canon, urefu unaopendeza kwa picha ya mtu mmoja kuanzia kifua kwenda juu. Canon inayo EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015, yenye mdomo wa chuma. Ile iliyoitangulia, ya mwaka 1990, ina mdomo wa plastiki na kelele kidogo inapolenga, lakini picha zake hazina ubaya. Ukikuta ya zamani kwa bei nzuri, usiidharau.

Lenzi ndefu za 70-300mm na nyinginezo huvutia macho dukani kwa sababu ya ukubwa wake. Asiyekwenda mbugani wala uwanja wa mpira mara kwa mara hana sababu ya kuanza na hizo. Anayepanga safari moja ya Mikumi kwa mwaka ni heri aazime au akodi kwa siku mbili.

Usiitupe lenzi ya 18-55mm iliyokuja na bodi. Mchana kweupe, kwa picha za majengo, mandhari na makundi ya watu, inafanya kazi nzuri kuliko sifa zake.

SI KILA LENZI INAINGIA KILA KAMERA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kila kampuni ina mdomo wake, yaani mahali lenzi inapoungana na bodi, na ndani ya kampuni moja pia kuna tofauti ambazo muuzaji anaweza asizijue au asizitaje.

Kwa Nikon, bodi za mfululizo wa D3000 na D5000, kama D3200, D3400, D5300 na D5600, hazina mota ya kulengea ndani yake. Zinahitaji lenzi yenye mota yake, inayoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D tu itaingia na kupiga picha, lakini utalazimika kuilenga kwa mkono. Bodi za mfululizo wa D7000 zina mota na hazina tatizo hilo. Tahadhari nyingine: lenzi za AF-P ni za miaka ya karibuni na baadhi ya bodi za zamani, kama D90 na D5100, haziwezi kulenga nazo kabisa.

Kwa Canon mambo ni mepesi kidogo. Lenzi zote za EF na EF-S zina mota ndani. Lenzi za EF huingia kwenye bodi zote za EOS za kioo za dijitali. Zile za EF-S ni za bodi za kihisi kidogo tu. Haziingii kwenye 5D wala 6D. Kwa hiyo anayeota kuhamia kihisi kikubwa siku moja anunue EF tangu mwanzo.

Kwa anayefikiria kamera zisizo na kioo, kuna habari njema na mbaya. Njema ni kwamba adapta ya Canon ya EF kwenda R hufanya lenzi za EF na EF-S zilenge vizuri kwenye kamera mpya za EOS R. Adapta ya Nikon iitwayo FTZ hufanya hivyo kwa lenzi za AF-S na AF-P, ila haina mota ya kuzungusha zile za AF-D. Mbaya ni kwamba kamera za Canon EOS M, ikiwemo M50 iliyopendwa sana, zilitumia mdomo wa EF-M ambao kampuni imeshauacha, na lenzi zake hazina njia ya kuhamia kwenye EOS R. Anayenunua M50 leo ajue kwamba ananunua kijiji kisicho na barabara ya kutokea. Kama bei ni ya chini na atatosheka na lenzi mbili, hakuna ubaya. Lakini asiijengee matumaini ya miaka 10.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Usinunue kamera iliyotumika usiku, wala ndani ya gari, wala kwa haraka. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu na tochi ndogo. Ya simu inatosha. Muuzaji wa kweli hatakukataza kukagua. Utaratibu ufuatao hauzidi dakika 20.

Kwenye lenzi: ondoa vifuniko vyote viwili, mulika tochi kutoka nyuma na utazame kwa mbele ukiigeuza geuza. Chembe chache za vumbi si hoja. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui au madoa yenye matawi, huo ni ukungu. Rudisha lenzi na uage kwa heshima. Tazama pia vile vyuma vya tundu. Visiwe na mafuta. Zungusha pete zote na usikilize. Lenzi isikwaruze kama yenye mchanga. Kisha piga picha ya gazeti lililobandikwa ukutani tundu likiwa wazi kabisa, na ulinganishe pembe nne za picha. Pembe moja ikiwa na ukungu wa kutolenga wakati tatu ni safi, lenzi hiyo huenda iliwahi kuanguka.

Kwenye bodi: piga picha ya ukuta mweupe au anga kwa f/16. Madoa meusi yatakuonyesha vumbi lililo juu ya kihisi, ambalo husafishika. Kisha funika lenzi na upige picha ya sekunde kadhaa gizani. Nukta nyekundu, kijani au nyeupe zinazong'aa mahali palepale kila mara ni za kihisi kilichochoka. Bonyeza kila kitufe, jaribu kila mlango, na uchungulie sehemu ya kadi na betri kama kuna kutu ya kijani.

Uliza shata imefunguka mara ngapi. Shata ni pazia linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, na viwanda huipima umri wake kwa idadi hiyo. Kamera za kuanzia kama Nikon D3300 zilipimwa kwa mara 100,000, na D7200 kwa mara 150,000. Kwa Nikon idadi hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha na programu nyingi za kompyuta huisoma. Kwa Canon nyingi haimo kwenye picha na hutakiwa kuunganisha kamera na kompyuta yenye programu maalumu. Namba hiyo ni kama kilometa za gari: haisemi lini itakufa, lakini inasema imetembea kiasi gani.

Kwa Sony angalia lugha. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na bei yao ya chini mara nyingi inatokana na hilo. Fungua menyu kabla ya kufungua pochi.

Mwisho, dai karatasi. Dukani ni risiti ya mashine ya EFD. Kwa mtu binafsi ni hati ya mauziano yenye namba za kamera na lenzi, tarehe, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Kamera huibwa kirahisi na huuzwa kirahisi. Hati hiyo ndiyo ngao yako siku mwenye mali akijitokeza.

ADUI WA PWANI NI UNYEVU

Wasomaji wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wana adui ambaye wenzao wa Dodoma hawamjui sana. Ukungu huota ndani ya lenzi pale hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 kwa muda mrefu, na kwenye giza. Miji yetu ya pwani hutoa hali hiyo bila kuombwa, hasa wakati wa masika kati ya Machi na Mei.

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kuiacha lenzi yake nzuri kuliko zote ndani ya begi la ngozi, kabatini, kwa msimu mmoja wa mvua. Alipoitoa ilikuwa na utando kwenye kioo cha kati. Fundi alitaja gharama ya kuifungua na kuisafisha, na ilikuwa inakaribia bei ya lenzi nyingine iliyotumika ya aina ileile. Zaidi ya hapo, ukungu ukikaa muda mrefu hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na hilo halisafishiki.

Kinga yake ni rahisi ajabu. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, kama vile vinavyotumika kuhifadhia unga au biskuti. Weka ndani vipakiti vya silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika jeli yenye rangi hubadilika inapojaa maji. Ikaushe kwa saa chache katika oveni ya moto wa kiasi na uirudishe. Usitumie mchele, kwa sababu una vumbi lake na hauwezi kazi hiyo. Usihifadhi kamera ndani ya begi la ngozi wala la kitambaa kizito. Na itoe mara kwa mara uipige mwanga. Vifaa vinavyofanya kazi huota ukungu kwa nadra.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa muda wa nusu saa. Ukiitoa mara moja, mvuke utaganda juu ya kioo na pengine ndani pia. Ukitoka ufukweni, pangusa bodi kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi na kukamuliwa, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma polepole. Usibadilishe lenzi penye upepo wa mchanga.

VIFAA VIDOGO VINAVYOMEZA FEDHA

Kadi za kumbukumbu. Kadi bandia zimejaa sokoni kila mahali. Nyingine huandikwa GB 128 wakati uwezo wake wa kweli ni sehemu ndogo tu, na picha zinazozidi hapo hupotea bila onyo. Siku ya kwanza ijaze kadi yote kwa programu ya kupimia kama H2testw, kisha isomwe tena. Alama ya V30 maana yake kadi inaandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, na hiyo inamtosha mpigaji wa ridhaa. Kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja ya GB 64, kwa sababu moja ikifa hujapoteza harusi yote. Kamera za kabla ya 2010 nyingi hazipokei kadi inayozidi GB 32.

Betri na chaja. Nunua betri ya pili kabla ya kununua kitu kingine chochote cha ziada. Betri iliyovimba, hata kidogo, usiiingize kwenye kamera. Inaweza kukwama humo. Chaja zilizotoka Japani zina miguu bapa miwili lakini nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo zinahitaji adapta ya plagi tu, si transfoma. Soma maandishi ya chini ya chaja kabla ya kuichomeka.

Flashi. Flashi inayogeuza shingo ni rafiki wa kumbi: elekeza kwenye dari nyeupe iliyo chini na mwanga utashuka laini juu ya nyuso. Chini ya makuti, au kwenye dari ya mbao nyeusi, njia hiyo haifanyi kazi. Jihadhari na flashi za zamani za enzi za filamu. Baadhi yake hutoa zaidi ya volti 200 kwenye kiungo cha juu na zinaweza kuunguza kamera ya dijitali.

Stendi ya miguu mitatu. Stendi nyepesi inayotikisika ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Kama huwezi kununua imara, egemeza kamera ukutani au juu ya mfuko mdogo wa mchele. Hapa ndipo mchele una faida.

Vichujio. Kichujio cha kulinda kioo kina maana ufukweni na kwenye vumbi. Kwingineko, kofia ya lenzi inalinda vizuri zaidi na haiharibu picha. Kichujio cha polaraiza, kinachopunguza mng'ao wa maji na kukoleza bluu ya anga, kinastahili fedha yake kwa wakazi wa pwani.

Kwa wanaopiga video: umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa Japani ya magharibi au Marekani itaonyesha taa zinazopepesa. Weka mfumo wa PAL, fremu 25 na shata ya 1/50, na tatizo litaondoka bila gharama yoyote.

MGAWO WA FEDHA

Tuseme msomaji ametenga Sh 1,000,000. Mgawo ufuatao si orodha ya bei, kwani bei za vifaa hivi hufuata dola na hubadilika. Ni kipimo cha uwiano ambacho kinaweza kutumika hata kwa nusu ya fedha hizo.

Bodi iliyotumika pamoja na lenzi yake ya 18-55mm: Sh 450,000.

Lenzi moja ya f/1.8: Sh 350,000.

Kadi mbili na betri ya ziada: Sh 100,000.

Chombo cha kuhifadhia, silika jeli, kipimo cha unyevu, kipulizio cha vumbi na kitambaa laini: Sh 50,000.

Akiba ya fundi: Sh 50,000.

Anayeona kwamba fungu la bodi halimtoshi kupata kamera anayoitamani, asichukue fedha kwenye fungu la lenzi. Ashuke toleo moja au mawili ya bodi. Tofauti kati ya bodi ya mwaka 2014 na ya mwaka 2018 ya kampuni ileile ni ndogo sana kwenye picha iliyochapwa, lakini tofauti kati ya f/5.6 na f/1.8 shangazi ataiona bila kuelezwa.

Kuhusu kukopa, ukurasa huu hauna ushauri wa kubembeleza. Kamera ya burudani isinunuliwe kwa mkopo wa riba. Kama kuna matumaini ya kupata kazi za kulipwa, anza na vifaa ulivyoweza kulipia, pokea kazi ndogo, na uache mapato hayo yanunue lenzi ya pili.

MTAZAMO WA MBELE

Hakuna dalili kwamba viwanda vitarudi kwenye kamera za kioo. Kwa hiyo bodi zilizopo sokoni ndizo hizo hizo zitakazoendelea kuzunguka, zikipungua uzima mwaka hadi mwaka, na vipuri vyake vitakuwa adimu taratibu. Kwa sasa mizani imemwelemea mnunuzi. Anayetaka kuanza asisubiri bei zishuke zaidi hadi zilizo nzuri ziishe.

Kwa anayenunua wiki hii, mpangilio ni huu: chagua mdomo kwanza, yaani kampuni na mfumo, chagua lenzi, kisha tafuta bodi inayoikubali lenzi hiyo. Wengi hufanya kinyume chake na hulipa mara mbili.